Anataka Krismasi ifutwe ili nyumba ya baba iuzwe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya watoto sita. Naishi na mama yetu Kitangiri, hapa Mwanza, kwenye nyumba aliyoijenga baba. Baba alifariki miaka minne iliyopita, tukamzika kwao Ukerewe. Hati ya kiwanja ipo, ni ya mwaka 1991, ina jina lake peke yake. Mama anaitunza kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.

Nyumba iko mlimani, na wewe unaijua milima yetu. Gari linaishia chini, kisha unapanda ngazi za mawe alizozipanga baba mwenyewe. Mama ana miaka 72 na magoti yamechoka. Akirudi sokoni Kirumba anakaa kwanza kwenye jiwe la nusu njia, mtoto wa jirani anamletea maji. Yeye mwenyewe ndiye aliyetamka kwamba nyumba iuzwe, apate kanyumba kadogo sehemu ya tambarare, Buswelu au Kiseke. Kwa hiyo ugomvi hauko kwenye kuuza. Wote tumekubali.

Ugomvi ni Krismasi. Kwetu kila Desemba watu wote wanarudi. Wanatoka Dar, Kahama, Geita, mmoja anatoka Musoma. Watoto wanalala sebuleni kwenye mikeka. Tarehe 24 wajukuu wanakwenda kukata tawi la mvinje, wanalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, wanalipamba kwa pamba na maputo. Tarehe 25 tukitoka misa ni pilau, sato wa kukaanga, na ugali wa muhogo kwa ajili ya mama, maana kwake pilau si chakula. Jioni watoto wanavaa nguo mpya wanateremka Kamanga kupiga picha na Jiwe la Bismarck. Tarehe 26 wanaingia wazee wa ukoo kutoka Ukerewe kwa meli ya Nansio, wanakuja na machungwa na samaki wa kukausha. Tunakaa hivyo hadi mwaka mpya.

Sasa mdogo wangu wa kiume anayenifuata, yeye yuko Dar, amempata mnunuzi kupitia kwa dalali. Ni mfanyabiashara wa dhahabu wa Geita. Anataka kuingia ndani ya nyumba tarehe 1 Januari. Mdogo wangu ameshapokea kwake advansi ya milioni tano, taslimu, bila karatasi yoyote. Juzi akaandika kwenye kundi la familia kwamba mwaka huu hakuna Krismasi Kitangiri. Anasema watoto watachafua kuta, nyumba ipakwe rangi, vitu vya mama viondolewe, na tarehe 24 mnunuzi anakuja kuangalia.

Nilipouliza hilo limeamuliwa lini, akanijibu mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye mtoto wa kiume wa kwanza, na kwamba mtoto wa kike hana sauti kwenye nyumba ya baba. Akaongeza kuwa nalilia Krismasi kwa sababu nalala bure. Shangazi, ni kweli niliachika nikarudi nyumbani. Lakini miaka hii minne mimi ndiye ninayemuogesha mama siku magoti yakigoma.

Mama hasemi kitu. Anapepeta mchele wa sikukuu kama vile hakusikia.

Naomba unisaidie. Je, ni sahihi kuahirisha sikukuu ili nyumba iuzike vizuri? Tuiandaeje nyumba ili isiuzwe kwa bei ya kutupa? Na je, mimi nina sauti au sina?

Binti wa Mlimani, Kitangiri

*

Marahaba mwanangu, na mwangaluka.

Krismasi ifanyike. Naanza na jibu kwa sababu najua ule ujumbe bado unausoma kila usiku, na mchele wa mama umeshapepetwa. Waambie waje wote, na mikeka itandikwe. Nyumba hiyo haiwezi kuuzwa ifikapo tarehe 1 Januari, ipakwe rangi isipakwe, watoto wachafue kuta wasichafue. Mdogo wako anaharakisha jambo ambalo hana mamlaka nalo, na wewe pia huna, na hata mama peke yake hana.

Umesema hati ina jina la marehemu baba yenu. Marehemu hasaini mkataba. Anayeweza kusaini kwa niaba yake ni msimamizi wa mirathi, na msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama. Kuzaliwa mwanaume wa kwanza si uteuzi. Hata ukoo mzima ukimpigia makofi, bado hajawa msimamizi mpaka mahakama imteue. Kwenye barua yako sioni popote panapotajwa mirathi kufunguliwa, na miaka minne imepita. Hili linatokea kila siku hapa mjini. Tunazika, tunaanua matanga, tunagawana suti za marehemu, hati inarudi kwenye sanduku. Halafu siku anapotokea mnunuzi ndiyo tunakumbuka kwamba nyumba bado ni ya mtu aliyelala Ukerewe.

Mnunuzi akilipa leo, amenunua hewa. Ofisi ya ardhi haitahamisha hati kwenda jina lake kwa saini ya mtu ambaye hayumo kwenye kumbukumbu zao. Na kama mtu wa dhahabu hajaliona hilo, basi ama hajafanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, au ameuona mwanya wa kununua kwa bei ya chini kwa watu wenye haraka. Vyote viwili vikutie shaka.

Sasa uone sikukuu hiyo ilivyo na kazi. Ili mahakama imteue msimamizi, mtahitaji cheti cha kifo cha baba, na kwa kawaida mtaulizwa muhtasari wa kikao cha familia kilichompendekeza, wenye majina ya warithi wote na saini za waliohudhuria. Niambie, ni lini tena mwakani utawapata watoto sita, mama, na wazee wa Nansio chini ya paa moja? Watu wanatumia mamilioni ya nauli kukutanisha ukoo, wengine wanapiga kura kwa simu, halafu mmoja anakuja mahakamani kusema hakushirikishwa. Nyinyi mnakutana bure kila mwaka, na mtu anataka kuwatawanya.

Kaeni tarehe 27. Tarehe 25 muiache kwa ajili ya watoto na misa. Tarehe 26 wazee wamechoka na meli. Tarehe 27 asubuhi, kabla mtu hajafungua chupa ya kitu chochote, tandikeni chini ya mti au sebuleni, achaguliwe mwenyekiti wa kikao ambaye si mmoja wa nyinyi sita (mzee mmoja wa Nansio atafaa), na katibu mwenye mwandiko unaosomeka. Andikeni nani ni mrithi, mali gani baba aliacha, ana deni wapi, na nani anapendekezwa. Mnaweza kupendekeza watu wawili wasimamie pamoja. Mimi ningeweka mmoja anayeishi Mwanza, kwa sababu kazi hii ni ya kwenda mahakamani, na mtu wa Dar atachoka tarehe ya pili kuahirishwa. Muweke wazi kwamba msimamizi hajawa mwenye nyumba. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, na kurudisha hesabu mahakamani. Nimeona familia ambazo msimamizi alijenga ghorofa na wenzake wakabaki kupanga.

Kuhusu mahakama ipi, hapo tulia kidogo. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Baba yenu alikuwa Mkristo, na itategemea aliishi vipi, aliacha wosia au la, na mila zilikuwa na nafasi gani katika maisha yake. Familia nyingi za Kikristo hufungua Mahakama ya Mwanzo kwa msingi wa mila na mambo yanakwenda, lakini zipo ambazo mtu alikuja kupinga baada ya miaka na shauri zima likafutwa kwa sababu lilifunguliwa pasipo pake. Kabla hamjalipa ada popote, mkamuone wakili au shirika la msaada wa kisheria mkiwa na vyeti mkononi. Saa moja ya maswali hapo ni nafuu.

Halafu kuna hili la sauti yako.

Mwanangu, hukumu iliyovunja maneno ya mdogo wako ilitolewa hapa hapa Mwanza. Mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya, kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Mama mmoja wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani akidai mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo ni ya kibaguzi, inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kurithi na kuuza kwa masharti yaleyale anayopewa mwanaume. Zaidi ya miaka thelathini imepita. Usiirushe kwenye kundi la familia kama jiwe, lakini uijue, na siku ya kikao ukae kwenye kiti chako ukiwa mrithi kama wengine watano. Kuachika hakukufuti kwenye orodha ya watoto wa baba yako. Na hayo ya kulala bure, muulize mzee yeyote wa Nansio kama kumuogesha mama ni kulala.

Mama naye ni mrithi, tena jasho lake limo ndani ya kuta hizo. Ukimya wake usichukuliwe kuwa ndiyo. Kabla ya tarehe 27 kaa naye jikoni, mkiwa wawili, umuulize anataka nini kwa maneno yake. Nadhani atakwambia anataka Krismasi moja ya mwisho hapo mlimani, kisha aondoke. Sina hakika, wewe ndiye utamsikia.

Milioni tano zirudishwe. Sizungushi maneno hapa. Mdogo wako amepokea hela ya nyumba isiyo yake kuiuza, na akichelewa, mnunuzi anaweza kumgeuzia maneno polisi kwamba amejipatia fedha kwa udanganyifu. Azirudishe kwa benki au kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na mnunuzi aandike kwamba amepokea. Kama ameshazila, na Desemba hii sitashangaa, bora aseme kwenye kikao ndugu wachange kuliko likuibukieni Machi. Na umwambie mnunuzi kwa heshima kwamba familia inafungua mirathi, ikikamilika atapigiwa simu wa kwanza. Mnunuzi wa kweli atasubiri. Asiyeweza kusubiri karatasi alikuwa na mpango mwingine.

Kabla sijafika kwenye rangi, kuna jambo umelitaja ukapita. Hati ya mwaka 1991. Nenda kwenye sanduku la bati, uifungue, usome imetolewa kwa muda gani. Hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kama ya baba ni ya miaka 33, basi muda wake umeisha mwaka 2024, wakati yeye ameshafariki, na hakuna aliyejua. Haina maana kwamba mmenyang'anywa kiwanja, lakini mtalazimika kuomba muda mpya ofisi ya ardhi, na mnunuzi mwerevu ataitumia tarehe hiyo kuwashusha bei. Angalia pia kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka lini. Hiyo watu wanaichanganya na kodi ya majengo, ile inayokatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021. Umekuwa ukiikatwa kila mwezi ukinunua umeme. Ya ardhi haikatwi huko. Ina ankara yake, na kama baba ndiye aliyekuwa akiilipa, basi ina miaka minne ya kulala pamoja na adhabu.

Haya, nyumba yenyewe.

Mwenye wazo la kupaka rangi Desemba hajakaa Mwanza siku nyingi. Mvua za vuli ziko juu, ukuta umekunywa maji, utapaka leo na kufikia mwezi wa pili rangi inainuka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Ngoja mvua ipungue, Januari kuelekea Februari, ukuta ukauke ndipo fundi aje. Desemba ina kazi nyingine nzuri zaidi: inakuonyesha ubovu bure. Mvua ikinyesha usiku, amka na tochi. Weka alama ya mkaa darini palipodondoka. Asubuhi tazama maji ya mlimani yamepita wapi, yamegonga ukuta upande gani, yamechimba chini ya ngazi gani. Kwa nyumba za kwetu milimani mnunuzi anayejua anaangalia mambo matatu kabla hajaingia sebuleni, nayo ni njia ya kufika, njia ya maji, na mawe yaliyo juu ya nyumba. Mfereji wa zege nyuma ya nyumba utakurudishia hela kuliko vigae vya sebuleni. Kama kuna jiwe kubwa juu yenu ambalo limekaa miaka yote, liacheni, lakini fyekeni kulizunguka lionekane limekaa juu ya nini. Jiwe lililofichwa na vichaka linamtisha mtu kuliko lililo wazi.

Zile ngazi za baba zirekebisheni. Jiwe linalocheza lijengewe, pembeni pawekwe bomba la kushikia. Zimeyashinda magoti ya mama, ni kweli, lakini ndiyo sura ya kwanza ya nyumba yenu, na mnunuzi atazipanda akiwa anahema na kupiga hesabu. Akifika juu apate pa kukaa kivulini pa kulitazama ziwa. Bei yenu iko hapo. Picha pigeni asubuhi, jua likiwa nyuma yenu, kabla ya ukungu wa mchana.

Bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja, ndiyo kazi ya wazee. Tarehe 26 jioni mpeleke mzee aliyekuwepo baba alipopimiwa, azunguke na vijana wawili na panga, kila bikoni ichimbuliwe ionekane. Kitangiri nyumba zimebanana, jirani anajenga ukuta usiku, asubuhi mpaka umehama hatua moja. Ni heri mlijue nyinyi mkiwa mnakula naye pilau kuliko aje aligundue mpimaji wa mnunuzi.

Mtu akitaka kuja kuona nyumba wakati wa sikukuu, aje. Simkatazi. Asije tu tarehe 24, mama akiwa na masufuria na watoto wakiwa na tawi lao. Mpe tarehe 28 au 29, saa nne asubuhi. Nyumba ikiwa na watu ishirini anaona kitu ambacho nyumba tupu haionyeshi: kama maji yanatosha, choo kinahimili, upepo wa ziwa unafika mpaka chumba cha nyuma. Mimi ningenunua nyumba niliyoikuta imejaa wageni na bado ina hewa. Lakini aongozwe na mmoja wenu, aingie mara moja, na dalali asiachiwe ufunguo. Wageni wamelaza simu na mikoba kila kona. Na dalali asipige picha za vyumba vya mama na kuzirusha mitandaoni na maelezo ya mtaa, kwamba wenyewe watakwenda Ukerewe tarehe fulani. Umeelewa nalolisema.

Vitu vya mama visiondolewe sasa. Vikipungua vipungue kwa mkono wake. Tumieni siku hizo za wajukuu wengi: kila mmoja amletee mama kitu kimoja kutoka stoo aseme kinabaki, kinagawiwa, au kinatupwa. Kufikia mwaka mpya stoo itakuwa nyeupe na hakuna aliyelia. Picha ya harusi yao ibaki ukutani mpaka siku ya mwisho, mnunuzi hanunui ukuta kwa sababu ya picha.

Bei msiiokote mdomoni mwa dalali wala kwa jirani aliyeuza akitaka kwenda kutibiwa. Mwiteni mthamini aliyesajiliwa, maana uthamini utatakiwa hata hivyo wakati wa kuhamisha hati. Mjue pia Desemba inadanganya. Mjini panakuwa na hela za likizo, watu wa migodini wamerudi, wa Dar wamerudi, kila mtu anauliza nyumba. Wengi wanauliza kwa sababu wako likizo. Ikifika Januari ada za shule zinawakalisha. Wenye nia wanaonekana Februari na Machi. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Geita au Sengerema anakuja Mwanza bila kusubiri kivuko, kwa hiyo msimuone huyu wa dhahabu kama ndiye wa mwisho duniani. Na kama atakuja mtu wa dagaa wa soko la Mwaloni, mpangie malipo kwa kufuata siku za giza, kwani wakati wa mbalamwezi taa hazivui na hela yake imelala.

Dalali mkubaliane naye asilimia kabla, kwa maandishi, na alipwe hela ikishaingia benki. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia kwamba anawafahamu. Hahamishi hati, na muhuri wake si mbadala wa ofisi ya ardhi. Wakati ukifika, jina la msimamizi litaingizwa kwanza kwenye kumbukumbu za hati, ndipo aweze kuuza. Mkataba mbele ya wakili, fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, na TRA. Kwa mkazi wa Tanzania kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya thamani. Kwa hiyo kila risiti ya mfereji, ya bati, ya bomba la ngazi, itie kwenye lile sanduku. Na mkataba useme kodi ipi analipa nani, tangi la maji linabaki au linaondoka, na mama anapewa siku ngapi za kuhama baada ya hela kuingia. Watu wanasahau hiyo ya mwisho, wakaja kumtoa bibi kizee na mvua.

Jambo moja liingie kwenye muhtasari wa tarehe 27 kabla hamjatawanyika. Hela ya kwanza ya nyumba inanunua nyumba ya mama, kwa jina la mama, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Hilo likubaliwe na warithi wote kwa saini. Aende akaione mwenyewe Kiseke au Buswelu, atembee kwa miguu yake kutoka barabarani mpaka mlangoni. Tena Januari hii hii muanze kutafuta, maana mirathi itachukua miezi na nyumba nzuri za tambarare haziko nyingi. Ichaguliwe yenye sebule ya kutandika mikeka, na uwanja wa kuchinjia mbuzi.

Mdogo wako mpigie simu, usimjibu kwenye kundi. Mwambie Krismasi ipo, kikao ni tarehe 27, na kwamba mnamhitaji kwa sababu ana uwezo wa kutafuta wanunuzi, jambo ambalo nyinyi wengine hamna. Hilo ni kweli, na atakuja akiwa na pa kusimamia. Ya mtoto wa kike hana sauti muachie mzee wa Nansio ayajibu.

Ukishaifungua hati niandikie imesoma miaka mingapi. Kama ni 33, nitakueleza uombe vipi muda mpya na uende na karatasi gani.

Shangazi